Umepakua 2.4.0, Programu Inasema 2.3.1

Mradi wa programu huria umetangaza toleo 2.4.0. Orodha ya mabadiliko ipo, faili la kupakua lina 2.4.0 kwenye jina lake, na usakinishaji umekwisha bila lalamiko lolote. Kisha unaiuliza programu toleo lake kwa `--version`, amri ambayo karibu kila programu ya terminali (dirisha la kuandikia amri) inaielewa, na jibu linakuja: 2.3.1. Unarudia. 2.3.1.

Hapo watu hugawanyika. Yuko anayedhani amepakua faili siyo, akalifuta na kupakua upya. Yuko anayekwenda moja kwa moja kwa watunzaji wa mradi kuwaambia kwamba toleo lao limeharibika. Yuko anayeachana nayo kwa kuwa programu inafanya kazi. Kila mmoja anaweza kuwa amepatia au amekosea, maana hakuna aliyeuliza swali la kwanza: ni nani aliyesema 2.3.1, na ni nani aliyesema 2.4.0?

Tumezoea kuiona namba ya toleo kama sifa ya programu, kama uzito ulivyo sifa ya jiwe. Sivyo ilivyo. Namba ni dai, na katika mradi wa kawaida dai hilo limeandikwa mahali pengi, na watu au zana tofauti, kwa nyakati tofauti. Namba ikionekana kuwa siyo, maana yake kuna madai mawili yasiyokubaliana. Kutafuta hitilafu ni kuyakusanya madai hayo na kuona ni lipi lililobaki nyuma.

Namba inakaa wapi

Tuanze na hazina ya msimbo. Miradi mingi leo hutumia Git, zana ya kutunza historia ya msimbo iliyoanza mwaka 2005, na ndani ya Git toleo huwekewa tagi: jina kama v2.4.0 linalofungwa kwenye komiti moja, yaani hatua moja iliyohifadhiwa katika historia ya msimbo. Hiyo ni namba ya kwanza. Ya pili imo katika faili la maelezo ya mradi: `package.json` kwa JavaScript, `Cargo.toml` kwa Rust, `pyproject.toml` kwa Python, mstari wa `AC_INIT` kwa miradi ya C inayotumia Autoconf. Ya tatu imo ndani ya msimbo wenyewe, labda kama `__version__` au mstari wa `#define`, na mara nyingi hiyo ndiyo inayochapishwa unapoiuliza programu. Ya nne ni ya msimamizi wa vifurushi. Pip, npm, apt na dnf kila mmoja ana kumbukumbu zake, na ukimwuliza toleo hajisumbui kuiendesha programu. Anasoma alichoandikiwa siku ya usakinishaji. Ya tano ni jina la faili ulilopakua, ambalo mtu yeyote anaweza kulibadilisha bila kugusa kilichomo ndani. Ongeza lebo ya kontena (furushi linalobeba programu pamoja na vyote inavyohitaji), ukurasa wa nyaraka na tangazo lenyewe.

Kuna namba nyingine inayowachanganya wengi ingawa si ya toleo hata kidogo. Curl, zana ya kuhamisha data mtandaoni, iliingia toleo la 8 mwaka 2023, lakini kwenye Linux maktaba yake (msimbo ambao programu nyingine huutumia) bado inaitwa `libcurl.so.4`. Hakuna kosa hapo. Hiyo 4 huhesabu mara ambazo maktaba imebadilika kiasi cha kuvunja programu zilizojengwa juu yake, na ina njia yake isiyofuata namba za matoleo. Ukiona namba ndogo mwishoni mwa jina la faili la `.so`, usiitumie kama ushahidi.

Anza kwenye kompyuta yako

Kabla ya kuugusa mradi, hakikisha programu iliyojibu ndiyo uliyosakinisha. Terminali hutafuta programu kwa kupita orodha ya folda iitwayo PATH, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na huchukua ile inayokutana nayo mwanzo. Kama toleo la zamani limo `/usr/local/bin` na jipya limewekwa `/usr/bin`, na folda ile ya kwanza inatangulia kwenye orodha, jipya lako lipo lakini halifikiwi. Andika `type -a` ukifuatisha jina la programu, utaonyeshwa nakala zote kwa mpangilio wa kupatikana kwake. Bash pia huikumbuka njia iliyotumia mara ya mwisho, na inaweza kuendelea kuifuata hata baada ya mambo kubadilika; `hash -r` huifuta kumbukumbu hiyo.

Kwenye Python tatizo huwa na sura nyingine. Pip uliyoita inaweza kuwa ya Python moja, na programu ikaendeshwa na Python nyingine, hasa pale penye mazingira pepe, yaani folda yenye Python na vifurushi vyake peke yake. Zoea kuandika `python -m pip` badala ya `pip` peke yake, ili ujue ni Python ipi inayohusika. Tena, aliyesakinisha mradi kwa njia ya kuhariri, msimbo ukisomwa moja kwa moja kutoka folda yake ya kazi, ataona msimbo ukisasishwa kila anapovuta mabadiliko huku namba ya kifurushi ikibaki ya siku aliposakinisha. Msimbo ni mpya na maelezo ni ya kale. Kusakinisha tena kunayapatanisha.

Kwa seva jambo ni rahisi lakini husahaulika: programu inayofanya kazi chinichini haibadiliki kwa sababu tu faili lake limebadilishwa diskini. Iliyowashwa kabla ya usasishaji inaendelea kuwa ileile hadi izimwe na kuwashwa upya.

Halafu kuna programu iliyogawanyika, nusu mpya na nusu ya zamani. Programu nyingi za C ni sehemu nyembamba ya mbele, kazi nzito ikiwa ndani ya maktaba inayopakiwa wakati wa kuendesha. Unaweza ukawa na programu ya toleo jipya inayopakia maktaba ya toleo la zamani iliyosalia mahali pengine. Curl inalishughulikia jambo hili kwa uungwana wa kupigiwa mfano: mstari wa kwanza wa `curl --version` hutaja namba mbili, ya programu na ya libcurl inayotumika wakati huo. Zikitofautiana, umeshapata jibu. Maktaba za SQLite na zlib nazo hutoa njia mbili za kuuliza, moja ikisema toleo lililokuwepo wakati wa kukompaili, yaani kuugeuza msimbo kuwa programu, na nyingine ikisema toleo lililopakiwa sasa hivi. Laiti kila maktaba ingefanya hivyo. Kwa zisizofanya, amri ya `ldd` kwenye Linux huonyesha ni faili lipi la maktaba linalochukuliwa.

Na kuna hali ambapo namba ya zamani ni sahihi kabisa. Debian, mojawapo ya usambazaji wa Linux, katika tawi lake thabiti, hairukii toleo jipya kila tundu la usalama linapogunduliwa. Huchukua marekebisho yale tu na kuyapachika kwenye toleo la zamani, kisha huongeza mkia kwenye namba ya kifurushi, kama 2.3.1-4+deb12u2. Ukiiuliza programu yenyewe itasema 2.3.1, na haidanganyi. Vifaa vya kukagua usalama vinavyosoma namba ya mradi peke yake hupiga kelele bure kwa sababu hii, na wasimamizi wa mifumo hupoteza muda mwingi kuyajibu madai ya tundu ambalo limeshazibwa. Usomapo namba ya kifurushi cha usambazaji, soma hadi mwisho wa mkia.

Tagi na msimbo vinapopishana

Ukishaondoa yote hayo na namba bado haikubaliani, kosa liko upande wa mradi. Hapa ndipo penye utajiri wa matatizo, na mengi yanatokana na jinsi toleo linavyotengenezwa.

Kosa la kwanza ni la mpangilio. Mtunzaji anaweka tagi v2.4.0, kisha anagundua kwamba hakubadilisha namba katika faili la mradi, anaibadilisha na kuweka komiti nyingine. Tagi imeshafungwa kwenye komiti iliyotangulia. Anayejenga kutoka kwenye tagi anapata msimbo wote wa 2.4.0 unaojiita 2.3.1. Kulithibitisha hakuhitaji kukisia: `git show v2.4.0:pyproject.toml` huchapisha faili hilo kama lilivyokuwa kwenye tagi, si kama lilivyo leo. Wengi hufungua faili kwenye tawi kuu, yaani mstari mkuu wa kazi inayoendelea, wakaona 2.4.0, wakasema hakuna tatizo. Tawi kuu limeshasonga mbele. Linalohesabika ni lile lililomo ndani ya tagi.

Ili kuepuka kuandika namba mara mbili, miradi mingi imeacha kuiandika kabisa. Badala yake, zana za kujenga huiuliza Git. Amri ya msingi ni `git describe`, ambayo hurudi nyuma kutoka komiti ya sasa hadi tagi ya karibu. Ikiwa juu ya tagi yenyewe hutoa jina lake, v2.4.0. Ikiwa imepita, hutoa kitu kama v2.3.1-17-g9c1e0ab: tagi ya karibu, komiti zilizofuata, na utambulisho wa komiti. Ukiona umbo hilo ndani ya toleo rasmi, limekuambia mengi. Lilijengwa mahali ambapo tagi ya v2.4.0 haikuonekana.

Kwa nini isionekane? Sababu moja ni aina ya tagi. Git ina tagi nyepesi, ambayo ni jina tu, na tagi yenye maelezo, ambayo hubeba tarehe, mwandishi na ujumbe. Kwa kawaida `git describe` huziangalia zile zenye maelezo peke yake. Mtunzaji aliyetumia `git tag v2.4.0` bila `-a` ameweka tagi nyepesi, na kwa `git describe` isiyopewa `--tags` ni kama tagi haipo. Matoleo yote yaliyopita yalitagiwa na mtu mwingine kwa `-a`, kila kitu kikaenda sawa, na leo mtu mpya ameshika zamu. Hakuna ujumbe wa kosa popote.

Sababu nyingine iko kwenye mfumo wa kujenga wenyewe. Seva za ujenzi hupenda nakala ya kina kifupi, yaani komiti ya mwisho bila historia, kwa kuwa hupakuliwa haraka. Hatua ya kuchukua msimbo inayotumika zaidi katika GitHub Actions, mfumo wa ujenzi wa GitHub, `actions/checkout`, huchukua komiti moja tu usipoiagiza vingine. Ujenzi ukianzishwa kutoka kwenye tawi, tagi hazipo na historia haipo, na `git describe` haina pa kushika. Zana ya Python iitwayo setuptools_scm, ikikosa tagi kabisa, huanza kutoka sifuri na kutoa kitu kama 0.1.dev1. Ikipata tagi ya zamani huenda upande wa pili: inakadiria toleo lijalo. Komiti tano baada ya v2.3.1 huitwa 2.3.2.dev5, na mtumiaji anabaki akitafuta toleo la 2.3.2 ambalo halikuwahi kutangazwa. Tiba ni kuweka `fetch-depth: 0`, ili historia yote na tagi zake zije.

Kuna na mtego wa tagi mbili kwenye komiti moja, nao ni wa haki kuuelewa kwa sababu unatokana na kazi nzuri. Mradi umetoa toleo la majaribio, v2.4.0-rc3. Watu wamelijaribu kwa wiki nzima na hawakuona kasoro. Mtunzaji kwa busara haongezi kitu. Anaweka tagi ya v2.4.0 juu ya komiti ileile. Sasa `git describe` ikisimama hapo ina majina mawili ya kuchagua. Zikiwa zote ni tagi zenye maelezo, Git huchukua yenye tarehe mpya zaidi, na mambo huenda vizuri. Ile ya mwisho ikiwa nyepesi na ya rc3 ina maelezo, inashinda rc3. Toleo kamili linatoka likijiita la majaribio.

Faili la kupakua nalo lina yake. Unapopakua msimbo kama faili lililobanwa, folda ya `.git` haimo ndani, kwa hiyo zana inayomwuliza Git haina wa kumwuliza. Mradi makini hujiandaa kwa kuandika namba ndani ya faili wakati wa kutengeneza toleo. Git yenyewe hufanya hivyo: hati yake ndogo ya kuzalisha namba hutazama kwanza kama kuna faili liitwalo `version` lililowekwa ndani ya furushi la toleo, na likikosekana ndipo hugeukia `git describe`. Asiyejiandaa hupata maajabu, hasa msimbo uliopakuliwa unapofunguliwa ndani ya folda ambayo tayari ni hazina ya Git ya mradi mwingine. `git describe` hupanda folda kwa folda hadi ikute `.git`, na programu yako inatoka na namba ya mradi usiohusiana nayo.

Kwa lugha ya Go kuna kosa moja la kimya ambalo linastahili kutajwa peke yake. Miradi mingi ya Go hupachika namba wakati wa kuunganisha kwa `-ldflags "-X njia/ya/kifurushi.Version=2.4.0"`. Njia hiyo ikikosewa hata herufi moja, kiunganishi hakisemi kitu. Kinaendelea, na programu inabaki na thamani ya msingi, kwa kawaida neno `dev` au pengo tupu. Hutokea sana mradi unapovuka kwenda toleo kuu la pili, maana Go hutaka `/v2` iongezwe kwenye njia ya moduli. Kila faili la msimbo linarekebishwa kwa kuwa lisiporekebishwa halikompailiki. Mstari ule mmoja wa `-X` unasahaulika kwa kuwa hakuna anayelalamika. Njia ya kuona kilichomo kweli ndani ya programu iliyojengwa ni `go version -m` ikifuatiwa na jina la faili.

Mabaki ya ujenzi wa jana sina mengi ya kuyasema. Faili lililokompailiwa zamani halikujengwa upya kwa sababu zana haikujua kwamba linategemea namba, au tabaka la kontena limechukuliwa kutoka akiba. Jenga kwenye folda tupu, bila akiba. Namba ikijirekebisha, kosa liko kwenye orodha ya vitegemezi.

Namba sahihi, msomaji aliyekosea

Wakati mwingine madai yote yanakubaliana, na bado namba inaonekana siyo. Hapo mtazame anayesoma.

Python 3.10 ilitoka Oktoba 2021, na hati zilizokuwa zikichukua herufi tatu za mwanzo za namba, njia iliyofanya kazi kuanzia 2.0 hadi 3.9, zikaanza kuripoti Python 3.1. Mafaili ya YAML, muundo unaotumika sana kuandikia mipangilio, yaliongeza la kwao: ukiandika 3.10 bila alama za kunukuu, YAML huiona kama desimali, na desimali 3.10 ni 3.1. Mfumo wa ujenzi unakwenda kutafuta Python ya mwaka 2009. Dawa ni alama mbili za kunukuu, "3.10". Jamaa ya kosa hili ni kulinganisha namba kama maneno ya kamusi, ambapo 1.10 hutangulia 1.9 kwa sababu moja hutangulia tisa. Kwenye terminali ya Linux, `sort -V` hupanga inavyotakiwa.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha kiini cha Linux (kernel). Kiini hutoa namba yake kwa programu nyingine pia kama namba moja nzima, ambamo sehemu ya tatu ya toleo ilipewa biti 8. Biti 8 hufika 255, hazizidi. Matawi mawili ya muda mrefu, 4.4 na 4.9, yalitunzwa kwa miaka mingi kiasi kwamba Februari 2021 yalifika 256. Kwa hesabu hiyo, 4.4.256 ni sawa na 4.5.0: kiini cha zamani kinajitambulisha kama cha tawi jingine kabisa. Walichofanya watunzaji ni cha kuigwa. Walitoa 4.4.256 na 4.9.256 zikiwa na badiliko la namba peke yake, wakaeleza tatizo wazi, ili wenye mifumo wajaribu bila kuchanganyikiwa na mabadiliko mengine. Kisha sehemu ile ya tatu ikazuiwa isipite 255, huku namba iliyoandikwa kama maandishi ikiendelea kupanda kama kawaida.

Walikuwa na uzoefu. Mwaka 2011 Linux iliporuka kutoka 2.6.39 kwenda 3.0, kulikuwa na programu zilizoamini kwamba Linux daima huanza na 2.6. Kiini kikaongezewa hali maalumu, UNAME26, ambayo programu ya aina hiyo ikiendeshwa ndani yake huambiwa ipo juu ya 2.6.40 na kuendelea. Namba isiyo ya kweli, iliyowekwa kwa makusudi, ili kumwokoa msomaji aliyekosea.

Kurekebisha kilichokwisha kutoka

Sasa kosa limepatikana: 2.4.0 imetoka ikijiita 2.3.1. Kishawishi cha kwanza ni kuhamisha tagi kimyakimya hadi komiti iliyorekebishwa, kupakia faili upya, na kutumaini hakuna aliyeona. Mficha uchi hazai. Usifanye hivyo, hata kama toleo lina dakika kumi.

Sababu ni za kiufundi kabla ya kuwa za adabu. Aliyekwisha vuta tagi ya kwanza atabaki nayo. Tangu Git 2.20, mwaka 2018, kuvuta kwa kawaida hakubadilishi tagi ambayo mtu tayari anayo. Kwa hiyo v2.4.0 moja itakuwa na maana mbili, na kila ripoti ya hitilafu itakayotaja 2.4.0 itakuwa ya kukisia. Kwa Go hali ni kali zaidi: alama za uhakiki za kila toleo lililopita kwenye seva ya umma huandikwa katika daftari lisilofutika, na tagi iliyohamishwa humletea mtumiaji onyo la usalama. Onyo hilo ni halali. Machi 2025, wavamizi waliingia katika mradi wa tj-actions/changed-files, unaotumiwa ndani ya GitHub Actions, wakazihamisha tagi zake za zamani hadi komiti yenye msimbo wa kuiba siri. Aliye nje hana njia ya kutofautisha tagi iliyohamishwa kwa nia njema na iliyohamishwa na mwizi.

Hazina za vifurushi zimekwisha lifunga jambo hili. PyPI, hazina ya vifurushi vya Python, haikubali faili jipya lenye jina lililowahi kutumika, hata la zamani likifutwa. Npm, ya JavaScript, hairuhusu jina na namba ileile kuchapishwa mara ya pili. Kanuni za namba za matoleo zinazofuatwa na wengi, SemVer 2.0.0, zinasema wazi kwamba yaliyomo ndani ya toleo likishatoka yasibadilishwe. Kwa hiyo toa 2.4.1. Namba hazigharimu kitu. Eleza katika orodha ya mabadiliko kwamba 2.4.0 ilikuwa ikijitambulisha vibaya, kisha iondoe 2.4.0 kwenye uteuzi wa kawaida kwa njia ya mahali ilipo: PyPI na crates.io (ya Rust) wana hali ya kuliweka toleo kando bila kulifuta, npm ina `npm deprecate`, na Go tangu 1.16 ina mstari wa `retract` ndani ya `go.mod`. Miradi iliyofungia toleo hilo haitavunjika, na wapya hawataangukia humo.

Namba iliyotoka ndogo kuliko inavyostahili ni tatizo jepesi. Gumu ni iliyotoka kubwa. Mtu akichapisha 24.0 alipokusudia 2.4.0, kila msimamizi wa vifurushi ataamini kwamba 2.5, 3.0 na hata 10.0 zijazo ni za zamani. Pale panapowezekana kuliweka kando toleo, liweke kando haraka kabla halijaenea. Debian na Python wana mlango wa dharura, namba ya enzi inayotangulia toleo: `1:2.4.0` kwa Debian, `1!2.4.0` kwa Python. Enzi ya 1 humshinda yeyote wa enzi ya 0, hata awe 24.0. Lakini ukishaingia humo huwezi kutoka, na kila toleo litabeba kiambishi hicho maisha yote ya kifurushi. Ndiyo maana Debian hupendelea njia ya muda. Mwaka 2024, msimbo wa hila ulipogunduliwa ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, zana ya kubana mafaili, walihitaji kuwarudisha watumiaji nyuma hadi toleo salama, na apt kwa kawaida hairudi nyuma. Wakatoa kifurushi chenye namba 5.6.1+really5.4.5-1. Kwa apt hiyo ni kubwa kuliko 5.6.1, hivyo inasakinishwa. Kwa binadamu inasema bila kuficha kwamba kilichomo ni 5.4.5.

Kuhusu kuzuia kosa lisijirudie, ningeshauri jambo moja kabla ya mengine yote: jaribu kile ambacho mtumiaji atapakua, si kilichomo kwenye hazina. Baada ya kutengeneza furushi la toleo na kabla ya kulichapisha, mfumo wa ujenzi ulifungue kwenye folda tupu isiyo na `.git` juu yake, ulijenge, uisakinishe programu kwenye mazingira safi, uiendeshe kwa `--version`, kisha ulinganishe jibu na jina la tagi baada ya kuondoa herufi v. Zikitofautiana, uchapishaji ukome hapohapo. Mistari michache ya hati inatosha, na inanasa tagi iliyotangulia namba, nakala isiyo na historia, rc3 iliyong'ang'ania, na `-X` iliyokosewa njia.

Kwa anayeripoti kosa, mtunzaji hahitaji maelezo marefu. Anahitaji jibu la `--version`, matokeo ya `type -a`, namba anayoijua msimamizi wa vifurushi, na mahali ulipopakua: hazina ya usambazaji, hazina ya lugha, kontena, au furushi la msimbo. Kwa vitu hivyo vinne anajua ni dai lipi la kwenda kulikagua kwanza.